Rubani Hana Masikio

Mtu pekee aliyewahi kunikataza kuimba alikuwa mwalimu wa kwaya. Na hata kuimba kwenyewe nilikuwa siimbi. Nilikuwa napiga mluzi chini chini, baridi ya Mufindi imenishika mpaka kwenye fizi, nimesimama kando ya uwanja wa ndege wa nyasi huko juu ya Igowole, nimekumbatia taa ya sola niliyomuuzia yeye mwenyewe mchana wa siku hiyo.

"Binti wa taa," sauti yake ilitoka gizani, "huo mluzi umeze."

"Ni mluzi tu, Mwalimu."

"Umeze. Halafu rudi kwenye jiwe lako. Rubani hana masikio."

Niliumeza. Kulia na kushoto kwangu watu walisimama kimya kama wanapigwa picha ya kitambulisho, kila mmoja na taa kifuani, na ng'ambo ya uwanja kulikuwa na mstari mwingine wa watu na taa zao, kimya vilevile. Nilidhani nimeangukia dhehebu jipya. Ndipo ndege ndogo ya wagonjwa ikatokea juu ya miti ya paina, ikashuka katikati yetu, ikatua, ikambeba mtu aliyevunjika nyonga, ikaondoka. Mwalimu akapita akikusanya taa. Kila aliyerudisha yake aliambiwa asante. Mimi niliambiwa, "Ulisogea."

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sikuuliza. Mimi ni mfanyabiashara wa taa, tochi na betri. Natoka Iyunga, Mbeya, nafuata barabara kuu mpaka Mafinga, halafu nakata kwenda Igowole siku za mnada. Mteja simuulizi babu yake alikuwa nani. Namuuliza anataka ngapi. Kila mtu alimwita Mwalimu, ingawa chaki hakuwahi kuishika. Alikuwa amefundisha kwaya ya usharika wa Kilutheri pale kijijini kwa miaka ambayo hata wenyewe walikuwa wanabishania idadi yake. Na nilipomfahamu mimi, kwaya ya Jumapili hakuwa nayo tena. Alikuwa na ile mistari miwili ya watu wenye taa, basi. Hayo ndiyo yote aliyobakiwa nayo. Na miaka yote niliyomfahamu, kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba hayo nayo yanaisha.

Tulikutana kwenye turubai langu mnadani. Alikuja amevaa koti la mvua juu ya sweta mbili, akainua taa moja, akaiwasha, akaitazama, akaizima. Akainua nyingine. Akazitenga kwenye mafungu mawili bila kuniomba ruhusa.

"Hizi nyeupe," alisema. "Hizi zina rangi ya chai ya maziwa."

"Zote zinawaka, baba."

"Kuwaka nazijua zinawaka. Nataka zifanane."

"Unapamba harusi?"

"Nashusha ndege."

Nimewahi kuwauzia wafuga kuku, walinzi, mchungaji mmoja aliyekuwa anaogopa nyoka. Mshusha ndege nilikuwa sijapata. Kichwani mwangu bei ikapanda hapohapo, maana mtu mwenye ndege ana uwezo wake.

"Ndege si yangu," alisema. "Hiyo bei irudishe ilipokuwa."

"Mbona bado sijaitaja?"

"Uso wako umeshaitaja."

Tulivutana mpaka chai yangu ikapoa. Nilipompa zake nilihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, ni ugonjwa wa kazi. Alisubiri kwa adabu nimalize mara ya pili, kisha akahesabu ya tatu. Nikajua nimepata ama mteja wa maisha ama adui wa maisha. Jioni ile basi la mwisho likaniacha, mmoja wa watu wake akawa na homa, na mimi nikajikuta nimesimamishwa kwenye jiwe la mtu nisiyemjua. Mpaka leo sijui kama aliniazima taa yake au aliniazima mimi.

Uwanja wenyewe ulikuwa mwembamba, kama aliyeukata alilipwa kwa urefu tu. Ulikuwa wa hospitali ya misheni iliyopo jirani, nyasi tupu, upande mmoja mlima na upande wa pili paina. Mchana ndege zilitua bila maneno. Tatizo lilikuwa jua likishazama, na mgonjwa hachagui saa. Mawingu yangeishikilia ndege huko ilikotoka, ifike giza limeshaingia, rubani aangalie chini aone weusi mmoja: msitu mweusi, chai nyeusi, uwanja mweusi. Hapo ndipo nesi mkuu alipompigia simu Mwalimu, na Mwalimu akatoka kwenda kugonga rimu ya gari iliyoning'inia mbele ya nyumba yake. Rimu ilikuwa na ufa, ikilia kama sufuria. Watu walitoka majumbani wakivaa makoti na kulaumu.

Kwa nini watu, na si taa zikawekwa chini? Niliuliza hilo, maana ningeuza taa nyingi zaidi. Ziliwekwa chini zikamezwa na nyasi. Zikawekwa juu ya miti iliyochongwa, na asubuhi yake miti ile ikaonekana kwenye shamba la maharage la mtu, imeshasimikwa ili maharage yapande. Basi watu wakawa ndiyo nguzo. Walijipanga kama wanavyojipanga kanisani: sauti ya kwanza na ya pili upande wa mlima, ya tatu na besi upande wa paina. Hakuna aliyewapangia hivyo. Ukiwaambia watu wa kwaya wasimame mistari miwili, watasimama hivyo tu hata kama wamekuja kuzima moto.

Mama Neema, sauti ya kwanza, mwanamke mwenye mdomo unaofika kabla yake, alikuwa wa kwanza kunieleza habari za kule. "Huyu mzee," aliniambia, akimnyooshea Mwalimu kidole huku Mwalimu akisikia, "anatunza mawe kuliko alivyomtunza mkewe."

Ilikuwa karibu na kweli. Kila mtu wa mstari alikuwa na jiwe lake, na kila Jumamosi Mwalimu alipita na kopo la chokaa akiyapaka upya, akiyarudisha pale mbuzi na watoto walipoyasogeza. Mbuzi aliwasema kwa Kihehe, watoto kwa Kiswahili. Mkewe alikuwa amekwenda Mbeya kumsaidia binti yao kulea mtoto. Mtoto alikua, akaanza shule, akamaliza, mama bado yuko kulekule. Hawakugombana. Kila Jumapili baada ya ibada alimpigia simu, akamwambia habari za chokaa na mvua, akasikiliza, akakata.

"Namsikia vizuri sana," aliniambia siku moja, kana kwamba nimeuliza. "Mtandao wa siku hizi uko vizuri."

Nyumbani kwake taa zangu zote zilikaa kwenye kreti chini ya kitanda. Asubuhi alizitoa akazianika juani kwenye mkeka kama mtu anayeanika dagaa, jioni akazirudisha. Halafu akakaa na kibatari. Mtu mwenye taa nyingi kuliko duka langu alikuwa anakula viazi vyake kwa kupapasa.

"Mwalimu, washa hata moja," nilimwambia. "Sitamwambia rubani."

"Nikiwasha ikaisha chaji, ndege ikaja?"

"Moja tu!"

"Moja ikikosekana, mstari una pengo. Pengo ni mlango. Rubani anaweza kupita hapo."

Redio alikuwa nayo. Alisikiliza taarifa ya habari, na muziki ulipoanza aliizima. Lakini nilimtazama vidole. Redio ikishazimwa, kidole chake cha kati kiliendelea kugonga goti, polepole, moja mbili tatu, moja mbili tatu, wimbo ambao kichwani mwake haukuwa umezimwa. Akigundua namwangalia, mkono aliuweka mfukoni.

Sababu za kunyamaza kwake nilizipata vipande vipande. Mama Neema alinipa kikubwa. Yeye mwenyewe alinipa kilichobaki, jioni moja tukimenya viazi, bila kuinua macho.

Zamani walikuwa wanaimba. Ndiyo raha yenyewe ilikuwa hiyo. Rimu ikilia, watu walikimbia, kwa sababu kusimama na taa kulikuwa mazoezi ya kwaya yaliyohamishiwa nje. Walisimama mistari yao miwili, Mwalimu akasimama mwisho wa uwanja, katikati, mgongo wake kule ndege inakotokea, mikono juu, akawaongoza. Waliimba mpaka waone taa za ndege, naye akaipisha njia ya ndege mbio. Watu wa hospitali walisema wagonjwa walitulia wakisikia.

Jioni moja ya wakati huo ndege ilikuwa inasubiriwa kwa ajili ya mama mmoja ambaye uzazi ulimkwamia. Mumewe alikuwa besi. Jina lake silitaji, naye Mwalimu hakuwahi kulitaja. Wote tulimwita Besi. Chumba cha uzazi mume haingii, na nje ya chumba cha uzazi mume hana kazi, kwa hiyo Besi alichukua taa yake akaja kusimama kwenye mstari na kuimba. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Besi walikuwa wachache, wanawake wengi, na ng'ambo haikusikika sawasawa. Ukiimba na usimsikie mwenzako, miguu yako inafanya nini? Inamfuata. Wakasogea hatua, wakasogea nyingine, katikati ya mstari hasa, pale walipo wale wenye sauti nzito na wanaowafuata. Hakuna aliyejua amesogea. Kila mmoja aliona mwenzake wa kulia na wa kushoto wapo palepale, kwa sababu nao walikuwa wanasogea.

Rubani alipoangalia chini aliona uwanja wenye kiuno. Ulianza mpana, ukabana katikati, ukapanuka tena. Mabawa yake yasingepita pale. Alishuka, akaona, akapandisha pua ya ndege juu ya vichwa vyao, akazunguka mara moja, ukungu ukafunga, akaenda kutua Mbeya, kwenye taa za kweli. Yule mama alipelekwa Iringa kwa gari, barabara ya mvua. Yeye alipona. Mtoto hakuwahi.

Hilo ndilo la Mama Neema. La Mwalimu lilikuwa fupi.

"Wanasema walisogea wenyewe," alisema. "Mimi nilikuwa mbele yao. Nilikuwa nafanya hivi." Aliweka kisu chini, akainua mikono, viganja vinaangaliana, akavileta karibu taratibu, ile ishara ya mwalimu wa kwaya anapotaka sauti ziungane. Aliviangalia viganja vyake vilipokaribia kugusana. "Niliwaita mimi."

Nilimwambia maneno yale ambayo mtu anaambiwa. Aliniacha nimalize, halafu akaendelea kumenya.

Jumapili iliyofuata ajali ile ya sauti, kwaya aliiacha mwenyewe. Usharika ukamweka kijana mwenye kinanda. Lakini mistari hakuiacha. Alipaka mawe chokaa, akaweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuimba, wala mluzi, wala mazungumzo. Ya pili aliirudia kila mara kabla ya kila ndege, akitembea katikati ya uwanja na sauti yake kavu: "Ukimsikia mwenzako wa ng'ambo, umekaribia. Rudi nyuma. Rudi mpaka usimsikie. Rubani hana masikio, ana macho tu."

Sasa mwambie binadamu akasimame kwenye baridi ya Mufindi, bila kuimba, bila kusengenya, mbali na jirani kiasi cha kutomsikia akikohoa. Mara ya kwanza watakuja wote. Mara ya pili wengi. Baadaye rimu ikilia, utasikia milango inafungwa. Niliyaona mapengo kwa macho yangu. Mwanzoni lilikuwa pengo la homa ya mtu mmoja, na mimi nilitosha kuliziba. Mwaka uliofuata Mwalimu alikuwa anakusanya hata wapita njia, na siku moja niliona mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Igawa amesimamishwa kwenye jiwe na gunia lake begani, hajui kwa nini. Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kwenda wilayani.

Nilimsindikiza mara moja, kwa kuwa nilikuwa naelekea Mafinga. Alivaa suti. Kijana wa ofisini alitupokea vizuri, akamwita mzee, akatuletea viti.

"Mzee, ombi lako nimelisikia. Taa na kupanua. Lakini si mna utaratibu wenu pale? Nasikia mnasimama na taa. Ni jambo zuri, la kujitolea."

"Si zuri," Mwalimu alisema.

"Si zuri tena?"

"Watu wanasogea, mwanangu. Mimi nataka kitu kisichosogea. Na nataka upana ambao hata mtu akikosea, bawa lipite."

Kijana akaniangalia mimi, labda akitegemea nimtafsirie. Nilimwambia, "Ananunua taa kwangu. Nikuambie tu, mkimsikiliza mnaniharibia biashara." Akacheka. Mwalimu hakucheka. Tulipotoka aliniambia nimemharibia, nami nikamwambia mtu akishacheka hakusahau. Nilikuwa na hakika hiyo kama nilivyo na hakika na betri za bei rahisi.

Alirudi pale wilayani mara nyingi bila mimi. Sijui ni kicheko au ni suti, au ni wafadhili wa hospitali waliochoka kusikia jina lake. Mwishowe walikuja wapimaji na kamba zao, na ukaitishwa mkutano wa kijiji. Kupanua kulikuwa kunakula vipande vya mashamba pande zote mbili, pamoja na mawe yote ya chokaa. Watu waliuliza habari za fidia, wakajibiwa. Waliuliza habari za mbuzi, wakajibiwa kwamba kutakuwa na uzio. Mwisho akasimama Mama Neema.

"Mimi langu si la mbuzi. Namuuliza Mwalimu. Zile taa zikija zinawashwa na nani?"

"Nesi," Mwalimu alisema. "Anabonyeza kitufe hospitalini."

"Na rimu?"

"Haitagongwa."

"Na sisi?"

"Mtalala."

Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka kwa furaha. Mama Neema hakukaa. "Na wewe utabaki na nani kwenye hicho kilima, Mwalimu? Sisi si tunakuja kwako kwa sababu ya ndege tu? Nani atakuja kukuona wewe na viazi vyako?"

Aliuliza kwa mzaha, lakini watu wote walimgeukia Mwalimu. Alikuwa na kawaida ya kusubiri nusu pumzi kabla ya kujibu, kama anatoa sauti ya kuanzia.

"Nimepigia hesabu na hilo," alisema, akakaa.

Mimi ni mtu wa kuvutana bei; najua sura ya mtu anayelipa zaidi ya alichonacho na hataki mwenye duka aone. Ilikuwa ndiyo hiyo.

Mashine zilikuja kiangazi. Nyasi zikaondolewa, udongo ukashindiliwa, uwanja ukapanuka pande zote mbili, na nje yake wakaacha eneo tupu, na nje ya eneo tupu uzio wa nyaya. Taa zikapandwa chini kwenye vikombe vya zege, zina sola zake zenyewe, zote rangi moja. Nilipopita mnadani Mwalimu alinichukua kuziangalia. Alizikagua moja moja kama alivyozikagua zangu siku ya kwanza.

"Zinafanana," alisema.

"Zinafanana," nilikubali, kwa uchungu wa mtu aliyepoteza mteja. "Ungenipa mimi hiyo tenda."

"Ungechanganya za chai ya maziwa."

Baada ya hapo sikupita Igowole kwa muda mrefu. Biashara ilihamia Chunya, kwa wachimbaji, ambao giza wanalinunua wenyewe kwa kwenda chini. Niliporudia njia yangu ya zamani, basi lilipata pancha Igawa, na fundi aliyekuja na jeki alikuwa Besi. Alikuwa amehamia pale na mkewe, amefungua banda la matairi kando ya barabara. Alinitambua kabla sijamtambua. Kazini alikuwa anaimba kitu kifuani, mdomo umefungwa, chini kabisa, sauti ya nne bila zile tatu za juu.

"Kule bado mnasimama?" aliniuliza.

"Siku hizi kuna taa. Kitufe."

"Ahaa." Alizungusha spana. "Na mzee?"

"Nadhani yupo. Ndo naenda."

Alifunga tairi, akaenda nyuma ya banda, akarudi na rimu. Ilikuwa nzima, haina ufa, imesuguliwa kutu. Aliigonga na spana, ikalia vizuri, mlio mmoja mrefu, mpaka kondakta akageuka.

"Mpelekee. Ile yake ilikuwa inalia vibaya."

"Besi, rimu hawagongi tena. Nimekwambia kuna kitufe."

"Nimekusikia. Mpelekee."

Nilijaribu kumuuliza kama kuna neno la kupeleka pamoja nayo. Alikuwa ameshainama kwenye gari lingine. Kondakta alitaka nilipie rimu kama mzigo. Tulivutana kutoka Igawa mpaka karibu na Makambako, nikashinda.

Nilifika kwa Mwalimu jua linaelekea kuzama. Alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, amekonda, sweta mbili zimekuwa tatu. Njia ya kufika mlangoni kwake ilikuwa imeota majani katikati.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, binti wa taa. Sinunui."

"Siuzi. Nimeletewa mzigo wako. Umetoka kwa Besi."

Aliichukua rimu mapajani. Aliipapasa ukingo wote, akitafuta ufa, akarudia tena. Nilimweleza kuhusu banda, na mke, na kwamba anaimba kifuani akifanya kazi. Hakuuliza kama Besi alisema chochote. Aliinuka, akaitundika palepale ilipokuwa ya zamani, akaokota chuma, akaigonga mara moja.

Mlio ulikwenda mpaka kwenye paina na kurudi. Tulisubiri. Hakuna mlango uliofunguka. Kisha kutoka nyumba za bondeni ikaja sauti ya Mama Neema, ndefu na yenye usingizi: "Mwalimu weee! Kuna kitufe! Kalaleee!"

Tulicheka wote wawili, yeye kidogo kuliko mimi. Na hapohapo, kana kwamba Mama Neema ndiye aliyekibonyeza, uwanja ukawaka. Mistari miwili, iliyonyooka, haina kiuno, kutoka miguuni petu mpaka kule kunakoishia kilima. Simu haikumlia mtu. Ndege ilikuwa inakuja na sisi hatukuambiwa.

"Njoo," alisema. Tulishuka mpaka kwenye kona ya uzio. "Wewe zunguka, nenda ukasimame upande wa paina. Mimi nabaki huu wa mlima."

"Tukafanye nini, Mwalimu? Hatuna hata taa."

"Ukifika utaimba."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Niimbe?"

"Hizi hazisogei," alisema, akionyesha taa kwa kidevu. "Imba unachojua. Imba kwa nguvu."

Nilizunguka mwisho wa uwanja nikishika nyaya za uzio, mwendo mrefu, nikajisemea nimekuwa mtu mzima na bado mzee huyu ananisimamisha anapotaka. Upande wa pili niligeuka. Yeye alikuwa alama ndogo ng'ambo, koti tu. Niliona mikono yake inapanda. Upepo ulikuwa unatoka mlimani. Niliimba wimbo wa kanisani ambao kila mtu Mbeya anaujua, nikaukosea ubeti wa pili, nikarudia wa kwanza, kwa sauti yote niliyonayo ya kunadi betri. Mikono yake ilikuwa inakwenda, na kinywa chake bila shaka kilikuwa wazi, mtu aliyekuwa hajaimba tangu usiku ule. Nilitega sikio kila nilipopumua. Upepo, basi. Nilitamani kusogea, lakini kulikuwa na uzio.

Ndege ilipita katikati yetu kwa nafasi ya kutosha ndege nyingine, ikatua, ikakimbia mpaka hospitali.

Nilipomaliza kuzunguka kurudi alikuwa ananisubiri kwenye kona ileile, anapumua juu juu.

"Ulinisikia?" aliniuliza.

Mimi huwa sipunguzi bei bila sababu, na sitoi kitu bure. Lakini nilimwangalia vile alivyosimama, nikasema, "Nilikusikia, Mwalimu. Neno kwa neno."

"Mwongo," alisema. "Mimi sikukusikia hata kidogo." Uso wake ulikuwa umefurahi kweli, kama siku ile alipoziona taa zinafanana. Aliutazama uwanja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. "Hata kidogo, binti. Basi upana umetosha."

Akatangulia kupanda kwenda kuwasha kibatari.